Kuunganisha metali bila kuchomelea: lehemu, fimbo ya shaba na gundi

Mteja mmoja aliniletea friji iliyokwisha kujazwa gesi mara tatu ndani ya miezi sita. Kila fundi alijaza, ikapoza wiki kadhaa, ikaacha. Nyuma yake kulikuwa na kiungo cha bomba kilichonenepa kweli, donge la shaba la ukubwa wa njugu mawe limekaa juu ya maungio. Nilikikata kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, nikakifungua kama ganda la karanga. Ndani kulikuwa kweusi na kukavu. Shaba yote ilikuwa nje, imevaa bomba kama kofia, na gesi ilikuwa ikipita chini ya ukingo wa kofia hiyo pole pole.

Yule fundi hakukosa moto, alikuwa nao wa kutosha na kuzidi. Alikosa mambo mawili yaliyotakiwa kufanyika kabla hajawasha kiberiti: usafi na mwanya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu utaiona inazungumzia msasa, karatasi na maji, na moto unakuja baadaye.

Njia tatu na mpaka wa nyuzi 450

Ukichomelea kwa umeme, vipande vyenyewe vinayeyuka na kuchanganyika. Katika njia tatu za hapa vipande vinabaki vigumu, na kitu cha tatu ndicho kinachoingia katikati yao na kuganda. Kitu hicho kikiyeyuka chini ya nyuzi joto 450 za Selsiasi, tunaita kulehemu. Kikiyeyuka juu ya 450, lakini chini ya joto la kuyeyusha vipande vyenyewe, ni kuchomea kwa fimbo, iwe ya shaba au ya fedha. Na kikiganda kwa kemia bila moto, ni gundi. Wapo wanaosema "kulehemu" kwa yote haya, hata kwa kazi ya welda. Sina ugomvi nao, ila hapa nitayatenga, maana vifaa na dawa zake ni tofauti.

Neno jingine linalotuponza dukani ni "shaba" lenyewe. Shaba nyekundu ya bomba la friji huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Shaba njano ya koki na vitasa, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huanza kulegea karibu na 900. Ukichomea koki ya shaba njano kwa fimbo ya shaba njano, koki itayeyuka pamoja na fimbo. Kwa hiyo kabla ya kununua fimbo, jua chuma chako ni kipi.

Kuchagua njia ni rahisi ukijiuliza kiungo kitakutana na nini. Kama kitakaa karibu na moto au kubeba shinikizo la gesi, tumia fimbo ya shaba au fedha. Kwa bati jembamba, waya, au chombo cha maji ya baridi, lehemu inatosha. Kama metali zenyewe hazipatani, au mojawapo itaharibika kwa joto, au rangi yake hutaki kuiunguza, hapo gundi ndiyo yenyewe. Kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu, breki, usukani, mtungi wa gesi au jiko la presha, usikiguse kwa njia yoyote kati ya hizi.

Mwanya, au kwa nini karatasi ni kifaa cha fundi

Angalia utambi wa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma. Yanapanda yenyewe kwa sababu nyuzi za utambi zimekaribiana sana. Shaba iliyoyeyuka hufanya vilevile ikikuta mwanya mwembamba na safi kati ya vyuma viwili vyenye joto: hunyonywa ndani, hata kama ndani ni juu. Mwanya ukiwa mpana, nguvu ya kunyonya inapotea na shaba inaanguka au inabaki nje. Vyuma vikibanana kabisa, haina pa kupita.

Kwa fimbo ya fedha mwanya mzuri ni kati ya milimita 0.05 na 0.13. Huhitaji kipimo cha bei mbaya. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Kata ukanda mwembamba, uingize kati ya bomba na soketi, yaani ule mdomo mpana unaopokea bomba. Ukiingia kwa kusuguana kidogo, uko sawa. Zikiingia karatasi tatu kwa pamoja, tafuta soketi nyingine au panua bomba upya kwa kifaa cha kupanulia.

Kupishana nako kuna kanuni yake: vipande vya bapa vipishane angalau mara 3 ya unene wa kile chembamba. Bati la milimita 1 lipishane milimita 3. Kwa mabomba madogo mimi huingiza urefu usiopungua kipenyo chake. Usiunganishe ncha kwa ncha. Kiungo cha namna hiyo huwa na eneo dogo mno la kushika, na ukikipinda tu kinaachia.

Usafi unaopimwa kwa maji

Metali inayong'aa si lazima iwe safi. Mafuta ya vidole hayaonekani, na chini ya moto huwa masizi. Anza kwa kuondoa mafuta, ndipo usugue. Ukianza na msasa unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya moto inafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya hapo sugua kwa msasa au kwa waya wa kusugulia sufuria hadi rangi halisi itokee, nje ya bomba na ndani ya soketi pia. Ndani ya soketi ndiko wengi huruka.

Sasa dondosha maji safi juu ya sehemu uliyosugua. Yakitandaa na kubaki kama kioo chembamba kilicholowa, metali ni safi. Yakijikunja kuwa matone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Kipimo hiki kinafaa kwa njia zote tatu, na kwa gundi ni cha lazima. Kausha, kisha usiguse tena kwa vidole vitupu. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevu, na chuma kilichosuguliwa asubuhi huwa na wekundu wa kutu kabla ya adhuhuri. Sugua unapokuwa tayari kuunganisha.

Kulehemu bati

Mafundi wanaotengeneza vibatari, mikebe na mabomba ya mvua wanaijua kazi hii kuliko mtu yeyote mwenye cheti. Pasi yao ni kipande kinene cha shaba nyekundu chenye mpini, kinachochomekwa kwenye jiko la mkaa. Unene huo una sababu. Pasi ndogo ya umeme ya kulehemu redio, yenye wati 40, ikigusa bati pana hupoteza joto lote kabla lehemu haijatiririka. Kwa bati tumia pasi ya mkaa au ya umeme ya wati 100 na zaidi.

Lehemu ya kawaida madukani ni mchanganyiko wa madini ya bati na risasi. Ile ya 60 kwa 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 na kumalizika karibu na 190. Isiyo na risasi, yenye bati, fedha kidogo na shaba, huhitaji karibu 217 na kuendelea. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, hasa kwa watoto. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Chochote kitakachobeba maji ya kunywa au chakula kilehemu kwa ile isiyo na risasi, na unawe mikono kabla ya kushika chapati.

Dawa, yaani flaksi, ina kazi ya kula utando wa oksidi, ule ambao hewa huuzaa juu ya metali, na kuzuia mwingine usizaliwe wakati metali iko moto. Kwa waya na vifaa vya elektroniki ni rosini, utomvu wa msonobari, ambao mara nyingi umo ndani ya waya wa lehemu wenyewe. Kwa bati ni kloridi ya zinki, ambayo mafundi wa zamani huitengeneza kwa kutumbukiza vipande vya zinki kutoka kwenye ganda la betri kuukuu ndani ya asidi ya haidrokloriki hadi ikome kutoa mapovu. Mapovu hayo ni haidrojeni, inayoripuka. Ukiweza, nunua iliyotengenezwa tayari. Na usithubutu kutumia ya asidi kwenye redio: itakula nyaya taratibu mwezi baada ya mwezi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Pasha pasi, ifute ncha kwa kitambaa kilicholowa, ichovye kidogo kwenye flaksi na uiguse kwa lehemu mpaka ncha ivae koti la fedha linalong'aa. Ncha nyeusi haipitishi joto. Kisha kunja pindo za bati zishikane zenyewe, kwa sababu lehemu ni laini na haifai kuachiwa kubeba nguvu. Nguvu ibebwe na pindo, lehemu izibe. Paka flaksi kwenye maungio, shika kwa lehemu kidogo ncha zote mbili ili bati lisitembee, halafu laza ubapa wa pasi, si ncha yake, na uivute pole pole. Mwendo mzuri utauona: mbele ya pasi flaksi inachemka, nyuma yake lehemu inatandaa na kung'aa kama maji. Ukienda haraka inabaki vidonge vidonge.

Usitikise hadi uso ugande. Ikitikiswa wakati inaganda inakuwa na chembechembe na nyufa, na dawa yake ni kupasha upya na kuongeza flaksi. Ukimaliza, osha kwa maji ya moto yenye magadi. Magadi huua asidi iliyobaki. Bila hivyo bati litaoza kuanzia kwenye maungio, na mteja atarudi akilaumu lehemu.

Sufuria ya alumini iliyotoboka ndiyo inayoletwa mara nyingi kuliko yote, na jibu langu ni hapana. Alumini huyeyuka kwenye 660 lakini utando wake wa oksidi huhitaji zaidi ya 2000, na flaksi ya kawaida haiuvunji. Zaidi ya hayo alumini haibadiliki rangi ikikaribia kuyeyuka. Inakaa kimya, halafu inaanguka yote. Ziko fimbo maalumu za alumini zinazofanya kazi nzuri kwenye bomba la kiyoyozi, lakini kwa sufuria, ribiti yenye washa, yaani kile kipete bapa cha chuma, inamaliza kazi kwa dakika 10.

Kuchomea kwa fimbo ya shaba au fedha

Hapa ndipo penye nguvu. Kiungo kilichochomewa vizuri kwa fimbo, ukikivuta, mara nyingi bomba linapasuka pembeni na kiungo kinabaki.

Fimbo ziko za aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ya shaba na fosforasi, bapa au duara, rangi ya kahawia. Hii huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 710, au 643 ikiongezwa fedha, na uzuri wake ni kwamba fosforasi yenyewe hufanya kazi ya flaksi kwenye shaba nyekundu kwa shaba nyekundu. Hapo hupaki kitu. Kwa shaba njano inahitaji flaksi. Kwa chuma usiitumie kabisa: fosforasi huungana na chuma na kutengeneza tabaka linalovunjika kama biskuti. Kitashika mbele ya mteja na kuachia barabarani.

Ya pili ni fimbo ya fedha, yenye asilimia 30 hadi 56 za fedha, na ndiyo ya kuunganisha chuma na shaba, kama bomba la kompresa lililo la chuma na bomba la shaba nyekundu. Yenye 56 hutiririka kwenye 650 hivi. Ni ghali, lakini kiungo kilichobanana sawasawa hula kipande kidogo tu. Angalia kifungashio: fimbo za zamani zilikuwa na kadimiamu, metali yenye sumu ambayo moshi wake unaweza kuua mapafu siku mbili baada ya kuuvuta. Umoja wa Ulaya uliziwekea marufuku mwaka 2011, lakini mabaki ya zamani bado yanaweza kuwa kwenye droo ya mtu. Isiyoeleweka ni ya nini, usiiwashie moto.

Ya tatu ni fimbo ya shaba njano, rafiki wa mafundi baiskeli, inayotaka karibu nyuzi 880 na flaksi ya boraksi. Inajaza mianya mipana, na kwenye fremu ya chuma haina mpinzani kwa bei yake.

Nitafuata kazi ya bomba la friji la robo inchi, kwa kuwa ndiyo ninayoifanya kila siku.

Kwanza, soma kibandiko. Kikisema R600a au R290, gesi iliyomo ni ya kuwaka. Friji ya nyumbani hubeba gramu chache, hazifiki 150, lakini zinatosha kukuchoma uso. Iondoe kwa mpira hadi nje ya nyumba, fungua madirisha, na ukate bomba kwa kikatio, usilitenganishe kwa moto. Hata gesi isiyowaka, kama R22 au R134a, ikipita kwenye moto hugeuka mvuke wa asidi unaokaba koo. Ukisikia ukali puani, zima na utoke.

Pili, panua mdomo wa bomba moja, safisha, pima kwa karatasi, ingiza. Kama ni kile kitubu chembamba cha kapilari kinachoingia kwenye draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, kiingize milimita 20 hivi ndani. Kikiishia mdomoni, shaba inayonyonywa itaziba tundu lake, na tundu lenyewe halifiki hata milimita 1. Niliziba matatu kwa siku moja nilipokuwa najifunza, na mwalimu wangu alinifanya niyakate yote mbele ya wenzangu.

Tatu, pitisha naitrojeni ndani ya bomba, kidogo sana, upepo unaousikia kwa shida kwenye kiganja kilicholowa. Shaba nyekundu ikipata moto mbele ya hewa hutoa magamba meusi ndani, na magamba hayo huenda kuziba kapilari wiki mbili baadaye. Mtungi uwe na regula, kifaa cha kupunguza shinikizo. Na hapa nitapaza sauti: usitumie oksijeni badala ya naitrojeni, si kwa kupitisha wala kwa kupima uvujaji. Ndani ya friji mna mafuta ya kompresa. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta huripuka bila kuhitaji kiberiti, na mafundi wamekufa hivyo.

Nne, kama kuna valvu au plastiki karibu, izungushie kitambaa kilicholowa maji. Ukutani weka bati la kukinga, na ndoo ya maji iwe mguuni.

Tano, moto. Kwa bomba hili tochi ya gesi ya kawaida inaweza, ya oksijeni na asetilini ni ya haraka zaidi. Weka mwali laini, usio na oksijeni nyingi. Pasha kwanza bomba la ndani sentimita moja au mbili kutoka kwenye maungio, kisha sogea kwenye soketi, ukizungusha tochi muda wote bila kutulia mahali. Kipande kinene kipate moto zaidi, ili vyote vifike joto kwa pamoja. Shaba itabadilika kuwa ya upinde wa mvua, kisha nyeusi, kisha wekundu wa damu ya mzee. Hapo gusa fimbo kwenye maungio, upande ulio mbali na mwali. Ikiyeyuka kwa joto la bomba, wakati umefika. Ikinata na kukataa, iondoe na upashe tena. Usiyeyushe fimbo kwa mwali na kuidondoshea juu, kwa maana ndivyo lile donge la njugu mawe lilivyozaliwa.

Sita, vuta shaba kwa moto. Hukimbilia kwenye joto. Ikishatiririka kuzunguka mdomo, sogeza mwali chini kuelekea ndani ya soketi na utaiona inanyweka, mdomo unapungua ujazo ghafla. Ongeza kidogo mpaka ubaki ukingo mdogo wa mviringo kuzunguka bomba lote, kama mshono wa pete. Toa moto. Bomba zima huchukua chini ya dakika moja. Ukizidisha, shaba inaungua na kuwa na matundu madogo.

Kwa kazi ya fimbo ya fedha tofauti ni flaksi. Ipake kama uji mzito kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuviingiza, na ndiyo kipimajoto chako: kwanza maji yanachemka, kisha inavimba nyeupe, kisha karibu na nyuzi 600 inatulia na kuwa angavu kama maji. Ikishakuwa angavu, fimbo iko karibu kukubali. Ikiwa nyeusi umeichosha, safisha na uanze upya. Kiungo kikishaganda, kitumbukize au kifute kwa maji ya moto, flaksi ipasuke na kutoka. Ikibaki hula metali, na huweza kuficha tundu linalovuja.

Chuma chenye koti la zinki, kama bomba la maji la mabati, kina hatari yake. Zinki huchemka kwenye 907, na kabla ya hapo imeshaanza kutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku utatetemeka kama mwenye malaria. Imani ya kunywa maziwa kabla ya kazi imeenea kwenye karakana kote, na maziwa ni mazuri, lakini yanakwenda tumboni wakati moshi unakwenda mapafuni. Kwangua zinki, fanyia nje, na ukae upande upepo unakotoka.

Tangi la petroli au pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata kama limekauka miaka, halipati moto wangu. Kuliosha mara moja kwa sabuni hakutoshi.

Gundi

Wapo wanaocheka nikisema gundi inaunganisha vyuma. Mwaka 1941, Norman de Bruyne huko Duxford, Uingereza, alitengeneza gundi ya metali aliyoiita Redux, na ndege ya abiria ya Comet iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1949 iliungwa nayo sehemu nyingi. Kinachofanya gundi idharauliwe ni maandalizi mabovu.

Ya kutumia ni epoksi ya mirija miwili. Supa gluu ni ngumu lakini haina unyumbufu, na kwa chuma kinachotikisika itapasuka. Kwa boliti zinazolegea kuna gundi nyingine inayoganda ikinyimwa hewa katikati ya nyuzi za boliti. Hiyo ina kazi yake hiyo tu.

Fahamu nguvu yake iko wapi. Epoksi nzuri, vipande vikipishana na kuvutwa sambamba, hubeba niutoni 15 au zaidi kwa kila milimita ya mraba. Maungio ya milimita 25 kwa 12.5 yangeweza, kwa hesabu, kuning'iniza zaidi ya kilo 450. Lakini uvute ukingo mmoja kama unabandua stempu, na mkono wako mtupu utaishinda. Kwa hiyo panga vipande vipishane kwa upana, na mahali ukingo unapoweza kuchunwa weka ribiti moja. Joto nalo lina kikomo: epoksi za kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80, na bati jeusi juani mchana hukaribia hapo.

Nitatumia mfano wa pembe ya alumini inayobandikwa kwenye fremu ya chuma. Huku pwani ukizifunga kwa boliti, chumvi hugeuza metali hizo mbili kuwa betri, na alumini inaliwa na kuwa unga mweupe. Tabaka la gundi linazitenganisha. Osha, sugua kwa msasa namba 120 kwa mikwaruzo inayokatizana, futa kwa asetoni safi, fanya kipimo cha maji, kausha. Bandika ndani ya saa moja, na alumini hata mapema zaidi.

Kamua mirija yote miwili kwa urefu sawa juu ya kigae, changanya dakika moja nzima mpaka michirizi ya rangi iishe. Usichanganye nyingi kwa pamoja. Rundo hujipasha lenyewe na kuganda ukiwa bado unapaka. Joto la mchana hufupisha muda, na ile ya dakika 5 huweza kukupa 3. Kwa kazi ya maana nachagua ya polepole, naifanya asubuhi.

Paka pande zote mbili kwa tabaka jembamba, ukiisugulia kwenye mikwaruzo. Kisha laza vipande viwili vifupi vya mshipi wa kuvulia wa milimita 0.2 katikati, ndipo ubane. Mshipi huzuia gundi isikamuliwe yote. Wengi hukaza klampu kama wanaua nyoka, na kiungo kinabaki kikavu. Bana kiasi cha kutosogea, na uone uzi mdogo wa gundi ukichungulia pembeni pote. Ufute kabla haujaganda. Usikiguse kwa saa 24, hata kama kijiti kilichobaki kwenye kigae kimekuwa kigumu baada ya nusu saa.

Kupima

Kwa bomba: jaza naitrojeni kupitia regula, usipite shinikizo lililoandikwa kwenye kibandiko cha friji, paka povu la sabuni na utulie. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu papo hapo. Mdogo hutengeneza kipovu kimoja kinachokua taratibu, kwa hiyo kaa dakika 2 na kurunzi mkononi, uangalie na upande wa nyuma kwa kioo. Kiungo kikivuja usikirundikie shaba juu. Toa shinikizo lote, kipashe, kitenganishe, safisha, rudia.

Kwa anayeanza, nunua mita moja ya bomba la robo, ukifanye kiungo cha mazoezi mara 5 kabla ya kugusa mali ya mtu. Kila kimoja kibane kwenye jiliwa, kikate kwa msumeno kwa urefu, kipige bapa kwa nyundo na ukibandue. Unatafuta rangi moja ya shaba iliyotandaa kutoka mdomoni hadi mwisho wa bomba la ndani. Doa jeusi ni uchafu, doa linalong'aa lakini halikushika shaba ni baridi, na ukanda mkavu upande mmoja ni tochi iliyokaa upande mmoja. Vyangu vitatu vya kwanza vilikuwa na madoa yote hayo kwa pamoja.